Sikiliza Injini Kabla Hujalipa

(Maneno haya yalisemwa na mafundi wa karakana yetu mbele ya vikundi vya akiba na vya maziwa, katika ukumbi wa parokia. Wengi waliomba yaandikwe ili wale ambao hawakufika siku ile wapate kusoma. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)



Mwenyekiti alituomba tuzungumze juu ya utunzaji wa magari. Tukamwambia, mwenyekiti, hilo ni jambo kubwa kama Kinangop yote. Utuache tuzungumze juu ya gari moja tu, lile ambalo vikundi vitatu kati yenu vinataka kununua mwaka huu. Sote tunalijua: Subaru Forester lililotumika, la otomatiki, na broka amesema halijaguswa.

Sababu ya kulitaka tunaijua pia. Mvua ndefu ikianza, udongo wetu ukilowa, pikapu ya kawaida hubaki pale mtoni. Maziwa hugeuka kabla ya kufika kwenye pipa la baridi, na mgonjwa hubebwa kwa mkokoteni wa punda mpaka kwenye lami. Mnataka gari ambalo magurudumu yote manne yanavuta, lile tunaloliita foo-wili. Ni wazo zuri. Lakini pesa ni za watu arobaini, na zimekusanywa shilingi hamsini kwa hamsini. Zikipotea, hakuna wa kuzirudisha.

Kwanza tuseme kosa letu, maana wengine hapa wanalijua na itakuwa aibu tukijifanya walimu bila kulitaja.

Mwezi wa Mei 2023, jirani mmoja, mfugaji, alituletea gari lake. Akasema, "Hebu sikizeni, kuna kitu kinagonga huku chini." Tulisikiliza dakika mbili hivi, boneti ikiwa wazi, injini ikiwa bado baridi. Tukasikia tik-tik-tik. Mmoja wetu akasema, "Hiyo ni tapeti tu, mzee, gari hizi zote hulia hivyo asubuhi." Tukaongeza oili kidogo, tukachukua shilingi mia tano, akaenda zake.

Siku kumi na moja baadaye, usiku, mvua ikinyesha, alikuwa akimpeleka hospitalini mama mmoja aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Kwenye ule mlima wa baada ya daraja konrodi ilikatika, ikatoboa ubavu wa injini, oili yote ikamwagika barabarani. Gari likafa palepale. Yule mama alikaa ndani ya gari saa mbili, mpaka trekta ya shamba ikaja kumchukua. Alifika, na mtoto ni mzima, siku hizi anawakimbiza kuku. Lakini injini haikufufuka, na jirani yetu bado analipa mkopo wa injini nyingine.

Yeye alisikia vizuri kuliko sisi. Alisema "huku chini". Sisi tulisikiliza juu.

Basi tuanze na hapo, na jinsi injini hii ilivyokaa. Katika Toyota nyingi mnazozijua, silinda husimama wima kwa mstari mmoja. Katika Subaru zimelala, mbili upande wa kulia na mbili wa kushoto, na pistoni zake huenda na kurudi kwa pande, kama mabondia wawili wanaorushiana ngumi. Kwa sababu hiyo huitwa injini ya boksa. Uzito wake uko chini, na gari hushika barabara vizuri kwenye kona. Lakini plagi ziko ubavuni, mahali pa kubanana, na fundi mvivu huziruka wakati wa sevisi. Tena oili ikivuja kwenye vifuniko vya valvu hudondoka juu ya ekzosi, ndiyo ile harufu ya kuungua mnayoisikia gari likisimama. Na kwa masikio yetu, sauti hutoka pande mbili. Ukisimama mbele tu na mikono mfukoni hutasikia kitu. Inama kwenye gurudumu la mbele la kulia, kisha la kushoto, halafu uweke kikopo chini upige magoti usikilize tumbo la gari.

Jambo la pili ni saa ya kusikiliza. Sauti ile ile ina maana moja injini ikiwa baridi na maana nyingine ikiwa moto. Kwa hiyo fika mapema, na umwambie mwenye gari kwa simu asiliwashe. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto saa moja ya asubuhi, mtu amekutangulia, na huenda ana sababu. Rudi siku nyingine. Msione haya. Mtu anayeuza ng'ombe hukuacha umkamue, sivyo?

Sasa liwashe. Tik-tik nyepesi ya sekunde chache, kisha kimya, kwa kawaida ni oili inayopanda kwenye valvu baada ya kulala chini usiku kucha. Hiyo isikutishe. Kisha kuna sauti butu, kama mtu anayegonga gunzi la hindi juu ya meza, inayokaa dakika chache na kupungua kadiri injini inavyopata joto. Mara nyingi hiyo ni pistoni. Ikiwa baridi huwa ndogo kidogo kuliko tundu lake, hivyo hupigapiga ukuta wa silinda mpaka ipate joto na kujaa. Injini nyingi za Subaru za zamani hufanya hivyo. Ikipotea kabisa injini ikipata joto, gari hilo linaweza kukutumikia miaka mingi. Ila liwe limepotea kabisa, si "karibu kabisa".

Ile ya kuogopa haifanyi hivyo. Hiyo huzidi gari likipata joto, maana oili moto ni nyepesi, na pale palipolegea hapabanwi tena. Tunazungumza juu ya beringi za konrodi, vile vipande vyembamba vya chuma laini vilivyo kati ya konrodi na ule mhimili mkubwa wa injini. Oili ikipungua au ikichakaa, vipande hivyo husagika, konrodi inapata nafasi ya kucheza, nayo inagonga kila mzunguko. Mafundi wa jua kali wanasema injini imenoki. Wenye injini hizo husema, "Itafika tu."

Kuijua, fanya hivi. Endesha gari dakika ishirini mpaka lipate joto kamili. Kisha lisimamishe, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa. Mmoja akae ndani, mwingine ainame nje. Wa ndani akanyage polepole hadi mizunguko 2,500 hivi kwa dakika, kisha aachilie mguu ghafla. Sikiliza pale anapoachilia, mshale unaposhuka. Hapo ndipo konrodi iliyolegea husema: go-go-go-go, nzito, kutoka chini. Kosa letu la 2023 lilikuwa hapo. Hatukungoja joto, wala hatukukanyaga na kuachilia.

Ukitaka kuhakikisha, zima injini, chomoa waya au soketi ya koili ya silinda moja, uwashe tena kwa muda mfupi. Silinda hiyo haitachoma petroli, kwa hivyo konrodi yake haitabeba mzigo. Sauti ikipungua sana, umempata mgonjwa. Zima, rudisha waya, jaribu nyingine. Usichomoe injini ikizunguka, umeme wa plagi utakurusha. Wala usiiache iende hivyo kwa muda mrefu, kwa sababu petroli isiyochomwa huingia kwenye ekzosi na kuharibu kichujio chake.

Wengine hutumia bisibisi ndefu sikioni kama daktari. Sisi tunapenda kipande cha mpira wa maji cha futi tatu: mwisho mmoja sikioni, mwingine unautembeza karibu na injini bila kugusa. Utashangaa jinsi sauti inavyojitenga. Na hapa, akina mama, fungeni leso vizuri, na vijana wakunje mikono ya shati. Feni na mikanda haichagui.

Lakini si kila kelele ni msiba. Tumeona mtu akiuza gari kwa hasara kwa sababu ya bati. Juu ya ekzosi kuna mabati membamba ya kuzuia joto lisifike kwenye sakafu. Kutu ikila vifungo, bati hulegea na kutetemeka, hasa mizunguko ikifika mahali fulani, na mtu huapa kwamba injini imekwisha. Injini ikiwa baridi, gonga bati hizo kwa ngumi. Zikilia kama debe, kaza kwa klipu ya mpira wa radieta, shilingi chache tu. Vilevile mkanda wa nje ukilia kwa sauti kali asubuhi, mwagia matone ya maji. Sauti ikibadilika mara moja, tatizo ni mkanda au puli zake. Na kuna ile kelele ya mlimani, kama shanga ndani ya kopo, injini ikibeba mzigo. Hiyo ni petroli inayowaka kabla ya wakati wake, kwa ubovu wa mafuta au kwa injini kupata joto kupita kiasi. Usiipuuze, lakini haimaanishi injini imekufa.

Oili nayo husema bila sauti. Gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa, chomoa kijiti cha kupimia, ukipangusie kwenye karatasi nyeupe, utoke nacho juani. Oili nyeusi si dhambi. Oili yenye vumbi linalometameta kama rangi ya fedha au shaba, hiyo ni beringi inayosagika, na mazungumzo ya bei yameisha. Yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Na ikiwa nzito kama asali kwenye gari la petroli, jiulize nani ameitia na kwa nini, maana oili nzito hunyamazisha kugonga kwa wiki moja au mbili, muda unaotosha kabisa kuuza. Broka akiwasha redio wakati wa kujaribu gari, izime wewe mwenyewe.

Kabla ya kuacha injini, neno juu ya mkanda wa taiming. Injini za Subaru za zamani, zile zinazojulikana kwa herufi EJ, zina mkanda wa mpira unaofunga mwendo wa valvu na wa pistoni pamoja. Hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, katika nyingi za injini hizo pistoni hupiga valvu, na hapo ni oveholi. Injini mpya zaidi, za herufi FB, zilizoanza kutiwa katika Forester mwaka 2010, zina mnyororo badala ya mkanda. Kwa hivyo kwanza ujue unanunua ipi. Usidanganywe na mwaka peke yake, soma kibao cha namba ya injini.

Na kilomita za kwenye dashibodi usiziamini mpaka upate shahidi wa pili. Magari haya yametoka Japani, na mafundi wa kule wana tabia nzuri ya kubandika karatasi ndogo mlangoni au chini ya boneti, zinazoonyesha tarehe na kilomita za kubadilisha oili au mkanda. Maneno hutayasoma, lakini tarakimu utazisoma. Mara nyingi mwaka huandikwa kwa hesabu yao wenyewe. Ukiona 20 ya enzi ya Heisei, ongeza 1988, upate 2008. Enzi ya sasa ya Reiwa ilianza 2019, hapo unaongeza 2018. Tuliwahi kuona gari lenye kilomita 87,000 kwenye dashibodi na karatasi mlangoni inayosema 141,000. Mwenye gari alisema karatasi ni ya gari lingine. Labda mlango pia.

Haya, tuje kwenye magurudumu manne, maana hapo ndipo watu hununua jina.

Jina lenyewe lina historia. Subaru ilianza kuuza gari dogo la abiria lenye kuvuta kwa magurudumu manne mwaka 1972, lile Leone. Hapa kwetu wazee wanakumbuka Safari Rally: Patrick Njiru na ile Vivio ndogo kama kiberiti mwaka 1993, na Colin McRae aliyeshinda na Impreza mwaka 1997. Tangu hapo kijana akisikia Subaru husikia vumbi. Lakini gari la mashindano lilikuwa na mafundi wakilingoja mbele. Lenu litakuwa na sisi.

Tazameni mkokoteni wa punda wawili ukipinda kona. Punda wa nje hupiga hatua nyingi kuliko wa ndani. Ukiwafunga miguu pamoja ili wapige hatua sawa, mmoja ataanguka. Magurudumu ni hivyo hivyo. Difu ndiyo inayoruhusu gurudumu la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani. Watu wengi wanajua hivyo. Wasilojua ni kwamba magurudumu ya mbele nayo hayapiti njia ile ile ya nyuma. Kwenye kona ya mbele huzunguka zaidi. Kwa hivyo gari linalovuta mbele na nyuma linahitaji kitu cha tatu, cha katikati, cha kupatanisha pande hizo mbili.

Katika pikapu za kazi kama Hilux nyingi, kitu hicho hakipo. Ukivuta ile gia ndogo, mbele na nyuma zinafungwa pamoja kama hao punda. Kwenye matope haidhuru, gurudumu litateleza kidogo na kujiokoa. Kwenye lami kavu zinapigana, na mwishowe kitu huvunjika. Ndiyo maana dereva wa Hilux huitoa foo-wili akifika barabara kuu.

Subaru nyingi huvuta kwa magurudumu manne wakati wote, lami na matope. Yenye gia za mkono ina difu ya katikati inayogawa nguvu nusu kwa nusu, na pamoja nayo kikopo kilichofungwa chenye sahani nyembamba na mafuta mazito ya silikoni. Upande mmoja ukianza kuteleza na kuzunguka haraka kuliko mwingine, mafuta yale hupata joto, hukaza, na kuvuta upande wa pili. Otomatiki nyingi za gia nne hazina difu hiyo. Zina fungu la sahani za klachi nyuma ya giaboksi, na kompyuta huzibana au kuzilegeza kwa nguvu ya mafuta. Nissan X-Trail ina klachi ya umeme na kitufe cha kuchagua. Probox na Fielder za foo-wili zina kile kikopo cha silikoni peke yake, nayo husukuma nyuma pale tu mbele inapoteleza. Zote huandikwa 4WD au AWD nyuma ya gari, na zote zitauzwa kwenu kama kitu kimoja. Si kitu kimoja.

Adui wa mpango huu wote ni tairi. Hapa tunaomba msikilize hata kama mmechoka.

Tairi zote nne ziwe za kipimo kimoja, aina moja, na zimelika sawasawa. Kwa Subaru, tofauti ya mzunguko wa tairi moja na nyingine isizidi milimita 6 hivi. Chukua tairi mbili za kipimo kimoja, moja mpya yenye meno ya milimita 8, nyingine imebaki 3. Tofauti ni milimita 5 tu, nani atajali? Lakini ukizungushia futi ya kamba, tofauti ya mzunguko ni milimita 31. Kwa tairi ya mita 2 na kidogo, ile iliyolika huzunguka mara 7 zaidi kila kilomita moja. Ukienda kilomita 100, ni mizunguko 700 hivi, ambayo difu na zile sahani lazima ziimeze kwa kusuguana, hata kwenye lami iliyonyooka, hata ukiwa peke yako na hakuna matope popote. Mtu anapata pancha, ananunua tairi moja ya mtumba, anaifunga nyuma, anashukuru kwa bei. Baada ya muda anasema giaboksi za Subaru ni mbovu.

Kujua kama madhara yamekwisha kufika, tafuta uwanja mgumu, mkavu. Gari likiwa moto, pinda usukani mpaka mwisho, uende polepole kwa duara, kulia na kisha kushoto. Likienda laini, vizuri. Likirukaruka na kukwama kama mtu amevuta breki ya mkono, mbele na nyuma zimefungana, sahani hazilegei. Ukisikia tak-tak-tak kutoka gurudumu la mbele, hiyo si sahani, ni viungo vya shafti vya mbele. Tazama kama mipira yake imepasuka na kurusha grisi. Na mvumo unaopanda na mwendo, unaobadilika ukilipindisha gari kidogo kulia au kushoto ukiwa barabarani, ni beringi ya gurudumu. Watu wengi wametuletea beringi ya gurudumu wakilia juu ya injini.

Kama ni otomatiki ya gia nne ya zamani na linarukaruka kwenye duara, kuna jaribio moja dogo. Nyingi zina kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD, mara nyingi chini ya boneti. Ukitia fyuzi hapo, taa ya FWD huwaka kwenye dashibodi na magurudumu ya nyuma huachwa. Zungusha tena. Likiwa laini sasa, sahani bado zinaachia, na huenda kosa ni tairi. Likikwama vile vile, giaboksi itabidi ifunguliwe. Mkimaliza, toeni fyuzi, msije mkaenda mtoni na magurudumu mawili.

Tuseme pia juu ya mafundi wenzetu, na sisi tumo. Otomatiki hiyo ya gia nne ina vijiti viwili vya kupimia upande wa giaboksi, kimoja cha mafuta ya otomatiki, kingine cha difu ya mbele. Mafuta hayo hayafanani, na ukichanganya umeua kimoja. Na kuna fundi aliyezoea magari mengine, anayelala chini ya Subaru, anafungua nati isiyo yake, anamwaga mafuta ya giaboksi akidhani ni oili ya injini, kisha anajaza oili mpya juu ya ile ya zamani. Injini imefurika, giaboksi imekauka, na karatasi ya sevisi inasema kila kitu kiko sawa. Simameni hapo anapofanya kazi. Ulizeni. Fundi mzuri hatakasirika.

Na mkivutwa, msikubali gari hili liinuliwe mbele huku ya nyuma yakibingirika. Libebwe lote juu ya lori.

Sasa kikundi chenu cha ng'ambo ya mto, mmeturuhusu tuseme yaliyowapata. Mliweka amana kwa Forester moja ya kijani, safi kuliko kiatu cha arusi, kisha mkatuita. Siku ya kwanza tulikuta boneti ina joto. Tukarudi Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bila kupiga simu. Baridi, ilipiga gunzi dakika nne na ikanyamaza, mkafurahi. Baada ya kupanda mlima na kurudi, tulipoachilia mguu, go-go-go-go, upande wa kushoto chini. Tukachomoa koili ya nyuma ya kushoto, sauti ikapungua karibu yote. Tairi tatu zilikuwa za jina moja na ya nne mpya kabisa. Mwekahazina wenu alitaka kujua kama bei ikishuka mnaweza kuinunua na kubadilisha injini. Tulisema hapana, na mkatununia, maana amana ilikuwa elfu thelathini na muuzaji alirudisha ishirini tu. Ile elfu kumi bado inatuuma nasi pia. Kama mngetuita kabla ya amana mngekuwa nayo.

Gari mlilonunua wiki tano baadaye si zuri kwa macho. Bati la ekzosi lilikuwa linalia, mkanda wa taiming ulikuwa umepita kilomita zake, na mlango wa nyuma una jeraha. Lakini likiwa moto liko kimya, na kwenye duara linaenda kama maji. Mkanda mliutumia kuteremsha bei, kisha mkaubadilisha kabla ya kubeba debe hata moja la maziwa. Hivyo ndivyo tulivyowaomba.

Baada ya maneno haya watu waliuliza maswali. Tunaandika mawili.

Mzee mmoja aliuliza, "Fundi, kwa vile magurudumu yote yanavuta, si tunaweza kuteremka ule mlima wa Naivasha bila wasiwasi hata kukinyesha?" Tulimjibu: Mzee wetu, kila gari hufunga breki kwa magurudumu manne, hata Probox. Foo-wili hukusaidia kuondoka na kupanda. Kusimama na kuteremka ni kazi ya breki, tairi na mguu wako, na gari hili ni zito zaidi. Teremka kwa gia ndogo, kama zamani.

Na mama mmoja wa kikundi cha maziwa aliuliza, "Sisi hatuna fundi wa kwenda naye, na broka yuko Nairobi. Tukienda wenyewe, tuangalie nini kwanza, kwa maana tutasahau yote haya?" Tulimwambia: Mama, nendeni watatu, mfike asubuhi. Mmoja aguse boneti. Wa pili abebe karatasi nyeupe ya oili na futi ya fundi wa nguo ya kuzungushia tairi. Wa tatu asiseme neno lolote, asikilize tu, na awe ndiye mwenye kubeba pesa.